Paneli za chini kwenye baraza la wavu: namna ya kuziweka zikadumu

Angalia baraza lolote lililofungwa wavu wa mbu miaka miwili mitatu iliyopita. Juu wavu utaukuta bado umenyooka na unapitisha upepo vizuri. Palipoharibika ni chini. Huko ndiko mbwa anakokwaruza akitaka kuingia, ufagio unakogonga kila asubuhi, viti vya plastiki vinakoegemezwa, mpira wa watoto unakotua, na maji ya kwenye bati yanakorushia matope wakati wa masika. Tundu likitokea linashonwa kwa kiraka na uzi, na mwezi unaofuata linatokea lingine pembeni yake. Kuendelea kushona viraka ni kupoteza nguvu. Sehemu ile haifai wavu. Inataka kitu kigumu: paneli ya bamba.

Na tundu la chini si la kupuuzwa kwa sababu tu liko chini. Mbu wa malaria akimkuta mtu ameketi, hupenda kumuuma miguuni kuliko mahali pengine. Yule wa dengi, Aedes, huuma mchana, saa ambazo watu wako barazani wanachambua mboga au wanasuka nywele. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka milipuko ya dengi ya 2014 na 2019. Baraza lenye wavu mzima ni kinga ya mchana na usiku, na inafaa kulindwa.

Huko Florida, Marekani, watu hufunga mabaraza na mabwawa yao ya kuogelea kwa fremu za alumini na wavu, na ni kawaida kukuta bamba la alumini la inchi 16 au 24 limezunguka chini kote. Kazi hiyohiyo inafanyika vizuri huku pwani kwa vifaa vya maduka yetu. Nitaeleza zaidi kuhusu fremu ya skwea paipu, yaani bomba la chuma la mraba, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka, kisha nitagusia alumini na mbao.

Kimo

Mabamba mengi huuzwa kwa kipimo cha futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Ukilikata kwa urefu wake utapata vipande vinne vya sentimita 30, vitatu vya 40, au viwili vya 60, na kinachobaki kinaliwa na msumeno. Ukichagua sentimita 45 au 50, utatupa sehemu kubwa ya bamba uliyoilipia.

Kwa nyumba nyingi napendekeza 40. Kiti cha kawaida kina kimo cha sentimita 45 hivi, kwa hiyo paneli ya 40 inaishia chini ya mapaja ya aliyeketi, na upepo wa kusi au kaskazi bado unampata mwilini. Ukienda 60 utalihisi joto barazani, hasa Februari na Machi. Hiyo 60 iweke upande mbwa anakolala au mlangoni tu, na pande nyingine ziache na 40. Kama baraza halina mbwa wala watoto na tatizo lako ni matope ya mvua peke yake, 30 inatosha.

Bamba gani?

Bamba la alumini la milimita 1 lililopakwa rangi kiwandani ndilo ninaloliamini kuliko yote kwa maeneo yenye hewa ya chumvi: Kigamboni, Tanga, Bagamoyo, Unguja, Mombasa. Halishiki kutu, linakatika kwa mkasi wa bati, na ni jepesi. Mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 2.7. La chuma lenye unene huohuo linafika karibu kilo 8.

Bamba la tabaka, lile la mabango ya maduka ambalo mafundi huliita alukobondi, nalo ni zuri. Limenyooka zaidi, halipigi kelele likiguswa, na vibao vilivyobaki kwenye kazi za mabango huuzwa kwa bei nafuu. Udhaifu wake uko kwenye kingo. Katikati ni plastiki, na makucha ya mbwa yakipata pembe iliyo wazi yanaibandua. Kingo zake zote zifichwe.

Bati bapa la rangi linafaa bara, mbali na bahari. Ukilinunua, uliza geji: namba ndogo ndiyo nene, kwa hiyo geji 26 ni nene kuliko 28, na 28 kuliko 30. Nyembamba kuliko 28 usinunue. Geji 30 inabonyea kwa goti la mtoto. Plaiwudi siipendekezi kabisa kwa sehemu inayorushiwa maji. Hata ile ya kustahimili maji huanza kufumuka pembezoni, na kwenye nyumba yenye mchwa umewawekea chakula mlangoni.

Anayeogopa kukosa upepo wa chini ana njia nyingine: bamba la alumini lenye matundu, au wavu mgumu wa chuma, ufungwe kwa nje, na wavu wa mbu ubaki nyuma yake bila kuguswa. Mbwa hataufikia. Ila matope yatapita, na kuusafisha wavu ulio nyuma ya chuma ni kazi ya kutumia brashi na uvumilivu.

Kupima

Pima kila nafasi kati ya nguzo na nguzo peke yake. Fremu zilizochomelewa mtaani mara nyingi hazina pembe za mraba. Nafasi mbili zilizo jirani hutofautiana sentimita nzima, na macho hayaoni. Pima upana juu na chini, kisha pima mshazari wa kona kwa kona, pande zote mbili. Upana ukilingana juu na chini, na mishazari nayo ikilingana, nafasi ina pembe za mraba. Zisipolingana, bamba lake likatwe kwa kufuata umbo lake. Andika namba kwenye nguzo kwa kalamu ya kuchorea, na namba hiyohiyo nyuma ya bamba.

Tuchukue baraza la mita 4.8 mbele na mita 2.4 kila upande, nguzo zikiwa kila mita 1.2 kutoka katikati hadi katikati. Pande mbili zina nafasi nne. Mbele kuna nafasi nne, na moja imechukuliwa na mlango wa sentimita 90 pamoja na kipande cha sentimita 30 pembeni yake. Unahitaji paneli saba kamili, ya mlango, na hiyo ndogo. Kila kipande cha mita 2.44 kinatoa paneli mbili. Vipande vinne vinamaliza kazi yote, maana nusu inayobaki inatosha paneli ya mlango na ile ndogo. Bamba moja linatoa vipande vitatu tu, kwa hiyo nunua mabamba mawili. Vile viwili vitakavyosalia vifunge vizuri uweke stoo. Siku paneli ikigongwa na pikipiki utakuwa na ya rangi ileile.

Vifaa

Skwea paipu ya inchi moja na nusu kwa ajili ya upau mpya utakaolala kati ya nguzo na nguzo, flatibaa (ukanda bapa wa chuma) ya milimita 20, ya alumini ukiipata, riveti za alumini za milimita 4 na koleo lake, drili yenye keekee ya milimita 4, skrubu za chuma kisichoshika kutu, silikoni ya nje, rangi ya kuzuia kutu, mkasi wa bati, msumeno wa chuma, tupa, kisu chenye wembe mpya, tepu na pima maji. Glovu na miwani si hiari. Ukingo wa bamba lililokatwa hivi punde unachana kiganja kabla hujahisi maumivu.

Weka upau kwanza, wavu usiuguse

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu anaanza kwa kuukata wavu wa chini ili apate nafasi ya kufanyia kazi. Wavu ukikatwa kabla haujashikwa mahali papya, unalegea wote mpaka juu, na hata ukiubana baadaye utakuwa na mawimbi. Utaratibu sahihi ni kuushika kwanza, kisha kuukata.

Tuseme wavu wako umebanwa kwa flatibaa nje ya fremu, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi. Ingia ndani ya baraza. Kata upau wa skwea paipu uingie kati ya nguzo mbili, uupake rangi ya kuzuia kutu pande zote, hata ncha zake, na uache ukauke. Uusimamishe nyuma ya wavu, uso wake wa nje ukiwa sawasawa na uso wa nguzo. Kwa paneli ya sentimita 40, tumbo la upau, yaani upande wake wa chini, liwe sentimita 36 kutoka mgongo, yaani upande wa juu, wa paipu ya chini. Hesabu yake ni hii: paneli italalia upau kwa sentimita moja na nusu, na paipu ya chini kwa mbili na nusu. Thibitisha kwa pima maji kwamba upau umelala sawa, na hakikisha pau za nafasi zote ziko kwenye mstari mmoja. Mgeni anayeingia getini ataona upau uliopanda juu hata kabla hajabisha hodi.

Fundi atataka kuuchomelea palepale. Mzuie. Cheche za kuchomelea zinayeyusha wavu wa fibaglasi na wa plastiki, na matundu yake ni madogo kiasi kwamba utayagundua usiku, mbu wakishaingia. Funga kila ncha ya upau kwa vipande viwili vya chuma cha pembe na skrubu. Ikilazimu kuchomelea, wavu ufunikwe kwa plaiwudi au gunia lililoloweshwa, pande zote mbili.

Upau ukishakaa imara, nenda nje. Nyoosha wavu kwa kiganja kuelekea chini, bila kuuvuta sana, kisha weka flatibaa juu yake kwenye nusu ya juu ya upau. Anza kutoboa katikati, funga riveti ya kwanza, halafu endelea kulia na kushoto kwa zamu, kila sentimita 15. Ukianzia upande mmoja kwenda mwingine utausukuma wavu na kuishia na mkunjo kwenye kona.

Riveti zote zikishafungwa, chukua kisu. Pitisha wembe chini ya flatibaa, ukitumia ukingo wake kama rula. Wavu wa juu hautasogea hata kidogo. Toa ule wa chini, kisha kata flatibaa za kwenye nguzo usawa wa upau na uzing'oe. Kwa mkato huu tumia msumeno wa mkono. Grenda inarusha cheche kama mashine ya kuchomelea. Papake rangi ya kuzuia kutu kila mahali chuma kilipobaki uchi, kwa kuwa baada ya paneli kufungwa hutapafikia tena.

Kama fremu yako ni ya alumini, nunua upau wa alumini wenye mfereji, uufunge kwa vipande vya kona, uingize wavu mferejini kwa mpira wake na kigurudumu cha kusukumia, halafu ndipo ukate chini ya mpira. Kwenye mbao tumia upau wa inchi mbili kwa mbili uliopakwa dawa ya mchwa, na wavu ubanwe kwa ubao mwembamba wenye skrubu. Misumari midogo hulegea mbao zikivimba na kusinyaa.

Kukata na kufunga paneli

Upana wa paneli ni umbali wa katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo, ukitoa milimita 3. Kwa mfano wetu ni sentimita 119.7. Hizo milimita 3 ni za joto. Alumini ikipigwa na jua hutanuka. Paneli ya mita 1.2 iliyopoa alfajiri na kuchemka saa nane mchana inaongezeka kama milimita moja. Ukizikaza zigusane, zitabinuka katikati. Ukitaka kuweka kipande kizima cha mita 2.4, mtanuko unapita milimita 2, na matundu ya riveti kwenye bamba yawe ya mviringo mrefu ili lipate kuteleza.

Kata, kisha pitisha tupa kwenye kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwama. Bamba la milimita 1 likiwa pana hulia likiguswa na upepo, kwa hiyo bandika kipande cha chaneli, yaani upau wenye umbo la U, nyuma yake, wima katikati, kwa silikoni. Acha usiku mmoja kabla ya kulifunga.

Mabamba mengi huja na ngozi ya plastiki ya kulinda rangi. Ibandue sentimita 3 kuzunguka kingo kabla ya kufunga, na iliyobaki uitoe siku hiyohiyo kazi inapoisha. Wapo wanaoiacha wakidhani inaendelea kulinda. Jua likiichoma wiki chache inashikana na rangi, inakatika vipandevipande, na bamba linabaki na mabaka ambayo hayatoki.

Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka skrubu. Ndiyo maana rangi kwenye paipu ni ya lazima, na juu yake uweke mstari mwembamba wa silikoni au mkanda wa mpira kabla ya kulaza bamba. Saruji mbichi nayo inaila alumini, kwa hiyo kama kuna kuziba kwa saruji chini, fanya hivyo mapema na uiache ikauke kabisa.

Simamisha paneli kwa nje. Ukingo wa juu uguse tumbo la flatibaa, wa chini ufunike paipu ya chini lakini ubaki juu ya sakafu kwa sentimita moja, usije ukakaa ndani ya maji. Funga kona nne kwanza, rudi nyuma hatua kadhaa utazame mistari, halafu malizia riveti kila sentimita 20. Vuta uzi wa silikoni pale paneli inapokutana na flatibaa na kwenye nafasi ya milimita 3 kati ya paneli na paneli. Laini kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni. Maji yanayotelemka kwenye wavu sasa yatapita juu ya bamba na kuanguka nje, kama bati la juu linavyolalia la chini.

Maji ya deki yatoke wapi?

Swali hili lisisahaulike. Zamani maji ya kupiga deki yalipenya chini ya wavu. Sasa umeweka ukuta. Mwaga ndoo ya maji kabla ya kufunga paneli uone yanaelekea kona ipi. Kwenye kona hiyo chonga sakafu chini ya paipu, uweke kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi kinachotokeza nje kidogo, na mdomo wake wa nje uufunge wavu kwa waya. Bila huo wavu umempa mbu mlango, na mende pia. Sehemu nyingine yoyote ambako paipu ya chini haijagusa sakafu, ziba.

Mlango

Mlango wa wavu ndio unaopigwa mateke kuliko sehemu yoyote, na watu huusahau. Paneli ya alumini ya sentimita 80 kwa 40 inaongeza uzito usiofika kilo moja. Ya plaiwudi ya milimita 12 inaongeza zaidi ya kilo mbili, ya chuma cha milimita 1 kilo mbili na nusu. Kwa alumini bawaba zilezile zinatosha. Kwa nyingine ongeza bawaba ya tatu, la sivyo mlango utashuka na kuanza kukwaruza sakafu. Chini ya mlango funga mpira au brashi inayogusa sakafu. Uwazi wa milimita 2 unatosha mbu kupita.

Palipo na bwawa, au baraza la ghorofani

Upau wa sentimita 40 ni ngazi kwa mtoto wa miaka mitatu. Ataukanyaga na kuushika wavu, na wavu haumhimili mtu. Kama fremu inazunguka bwawa, hakikisha upande anaokuwepo mtoto ni bapa, upau usitokeze, na komeo la mlango liwe juu asikofika. Ghorofani, paneli na wavu havichukui nafasi ya ukuta au grili ya kuzuia kuanguka. Grili iwepo kwanza.

Kukagua

Usubiri giza liingie. Washa taa zote za barazani, toka nje, chuchumaa, uzunguke polepole ukitazama maungio ya chini. Mahali popote mwanga unapochungulia, mbu atapita. Weka alama kwa chaki, asubuhi uzibe. Rudia usiku unaofuata, maana silikoni hunywea kidogo ikikauka.

Karibu na bahari osha paneli kwa maji baridi ya bomba angalau mara moja kwa mwezi, zaidi wakati wa kaskazi ambapo chumvi haioshwi na mvua. Tumia kitambaa na sabuni ya kawaida. Steeliwaya inakwaruza rangi. Kabla ya masika na kabla ya vuli, bonyeza kila riveti kwa kidole. Inayocheza itobolewe na kubadilishwa mapema, maana moja ikilegea bamba linaanza kutikisika na kuzilegeza za jirani.